Mdororo wa Uchumi na Hatima ya Wanyama wa Nyumbani: Mfano wa Marekani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mbwa na paka huitwa rafiki za binadamu, lakini uchumi unapodorora urafiki huo hutiwa mizanini. Makala haya yanachunguza athari za mdororo wa uchumi kwa makao ya wanyama, yaani vituo vinavyowapokea mbwa na paka wasio na wenyewe na kuwatafutia walezi wapya.

Mdororo wa 2007 hadi 2009

Mdororo huu ulianza Marekani Desemba 2007 na kuisha Juni 2009. Kiini chake kilikuwa mikopo ya nyumba: wakopaji waliposhindwa kulipa, benki zilizitwaa nyumba zao. Familia nyingi zilihamia nyumba za kupanga, ambako wenye nyumba wengi hukataza mbwa au hudai malipo ya ziada. Hivyo basi, baadhi ya wanyama walipelekwa makaoni, na wengine waliachwa katika nyumba tupu. Waliokusudia kuchukua mnyama nao walisita kwa kuhofia gharama ya chakula na matibabu. Isitoshe, makao mengi huendeshwa na serikali za mitaa zinazotegemea kodi ya majengo, na thamani ya majengo ilikuwa imeporomoka. Dhiki haikukoma pamoja na mdororo, kwani ukosefu wa ajira ulifikia asilimia 10 Oktoba 2009.

Hesabu ya Nafasi

Msongamano hautokani na idadi ya wanaoingia peke yake. Chukulia makao yanayopokea wanyama 10 kila siku, kila mmoja akikaa siku 12. Makao hayo yanahitaji nafasi 120. Walezi wakipungua hata mnyama akae siku 18, nafasi 180 zitahitajika, ilhali wanaoingia hawajaongezeka hata mmoja. Nafasi zikikosekana, baadhi yao huuawa kwa sindano, wakiwemo wazima wa afya.

Funzo la 2020

Mwaka 2020 uchumi wa Marekani uliporomoka tena kwa sababu ya korona. Hata hivyo, wanyama walioingia makaoni walipungua. Watu wengi walikuwa nyumbani, serikali iliwapa raia fedha za kujikimu, na Septemba mwaka huo ilizuia wapangaji wengi kufukuzwa kwa kukosa kodi. Ulinganisho huu unadokeza kuwa kinachomtenganisha mnyama na mwenyewe si umaskini pekee, bali ni kupoteza paa.

Hitimisho

Imebainika kwamba anayemtoa mbwa wake wakati wa dhiki si lazima awe mkatili. Huenda amefungiwa milango yote. Kwa hiyo, msaada ufaao zaidi ni ule unaomfikia kabla hajafika makaoni: chakula cha mnyama, matibabu nafuu na nyumba za kupanga zinazowakubali wanyama. Mnyama anayebaki kwake humwachia mwenziwe asiye na kwao nafasi ya kuishi.