Chachu ya nyumbani na vitumbua vya chenga: fuata chombo, usifuate saa

  Leo tunatoka kidogo shambani tuingie jikoni, maana mpunga haujaisha thamani yake pale mashineni.

Hivi karibuni kijana mmoja mkulima wa mpunga alinitumia picha ya wafo. Ni vile vikate vyenye vishimo vya mraba, vinavyopikwa kwenye kimashine cha umeme. Akaniuliza: "Bwana shamba, naambiwa hizi zinaumuliwa kwa chachu ya kienyeji bila hamira. Kwa mchele wetu inawezekana?" Nikamjibu inawezekana, lakini kabla hujanunua mashine anza na chuma cha vitumbua ambacho tayari kipo jikoni kwa mama. Kazi inayofanyika ndani ya rojo ni ileile.

Baada ya kumjibu nikakaa kimya kidogo. Somo hili niliwahi kulifundisha vibaya, na kuna watu walipata hasara kwa sababu yangu. Kwa hiyo naanza na hilo.

Hasara niliyoisababisha

Kuna kikundi cha vijana saba katika Bonde la Kilombero. Wanalima mpunga, wanakoboa na kuuza mchele. Tatizo lao lilikuwa chenga. Mnunuzi anataka mchele mzima, chenga anazitaka kwa bei ya kutupa. Nikawaambia, "Msiuze chenga. Tengenezeni vitumbua kwa chachu ya nyumbani, vina ladha ambayo hamira haitoi." Nilikuwa nimejaribu nyumbani kwangu mwezi Juni na vikatoka safi kabisa. Nilijaribu mara ngapi? Mara moja tu.

Nikawaandikia karatasi: changanya kila kitu saa 12 jioni, funika, amka alfajiri upike. Wakaibandika ukutani.

Mwezi Novemba wakapata oda ya vitumbua 400 vya harusi. Binti anayeongoza kikundi akakopa kwenye kikoba, akanunua nazi, sukari na mafuta. Saa 10 alfajiri wakafunua ndoo. Rojo lilikuwa limepanda usiku na kushuka, alama ya lilipofikia ikionekana juu ukingoni. Harufu ilikuwa kali kama siki, tui limejitenga. Wakapika hivyohivyo kwa kuwa hawakuwa na namna. Vikatoka bapa, vichachu, vingine vikang'ang'ania chuma. Mwenye shughuli akaenda kununua maandazi kwingine.

Binti akanipigia simu: "Shikamoo bwana shamba. Tumefuata karatasi yako neno kwa neno." Hakunilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilipofika pale nikaisoma karatasi yangu upya pale ukutani. Hakukuwa na neno hata moja kuhusu joto. Saa zilizofaa usiku wa baridi wa Juni nilizipeleka kwenye usiku wa joto wa Novemba.

Nililipa nusu ya ule mkopo, ingawa walinikatalia mwanzoni. Halafu tukakaa wiki tatu tukijaribu kilo moja moja na kuandika kila kitu kwenye daftari. Haya yafuatayo ndiyo tuliyotoka nayo.

Chachu ni mfugo

Chachu ya nyumbani ni unga na maji vilivyokaliwa na viumbe hai wadogo sana. Wako wa aina mbili: hamira za asili, ambazo hutoa gesi inayoumua, na bakteria wa maziwa, ambao hutoa uchachu. Wametoka kwenye nafaka yenyewe. Mama zetu wanawatumia siku zote bila kuwaita majina, kwenye togwa na uji mchachu. Kule pwani watu waliumulia mikate kwa tembo la mnazi, mantiki ni hiyohiyo.

Sasa wewe unayefuga kuku unajua: mfugo anakula, anakunywa, anasikia joto na baridi. Chachu ni hivyohivyo. Joto likitoka nyuzi 20 kufika 30, kasi yake inaweza kufika karibu mara mbili. Kilichochukua saa 12 kinaweza kuchukua saa 6. Hapo ndipo karatasi yangu ilipofeli.

Kuianzisha: siku 7 hivi

Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ioshe na kuimwagia maji ya moto. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa.

Siku ya 1: changanya gramu 50 za unga wa ulezi usiokobolewa na gramu 50 za maji. Ulezi mzima una ganda lake, na ndiko viumbe wengi walipo. Funika kwa kitambaa safi.

Siku ya 2 na kuendelea: kila siku bakiza gramu 50 za mchanganyiko, ongeza gramu 50 za unga wa mchele na gramu 50 za maji, koroga.

Angalizo, hapa wengi hudanganyika. Siku ya 2 au ya 3 unaweza kuona mapovu mengi na harufu mbaya, ukadhani imekuwa tayari. Hao ni bakteria wa mwanzo. Siku inayofuata inaweza kutulia kama imekufa. Usiimwage, endelea kulisha. Uchachu ukishaongezeka, wale wa mwanzo hushindwa na hamira za asili huchukua nafasi. Ikianza kutoa mapovu saa chache baada ya kila mlo, harufu ikiwa ya uchachu mzuri kama togwa au tunda lililoiva, na ikarudia hivyo siku mbili mfululizo, iko tayari.

Ukiona ukungu, au michirizi ya rangi ya waridi au machungwa, mwaga yote na uoshe chupa upya. Usikwangue juu ukatumia ya chini.

Ikishakomaa, mahali pa joto ilishe mara mbili kwa siku. Mwenye friji aiweke humo na kuilisha mara moja kwa wiki. Ikishaanza kunukia vizuri, ile inayobaki wakati wa kulisha usiitupe. Itie kwenye chapati za maji.

Chenga zako zikoje?

Chenga nzuri kwa kazi hii ni mpya, kavu, hazinuki uvundo. Zipepete pumba zitoke, chagua mawe, osha mara tatu.

Lakini nikukumbushe kama afisa ugani: chenga nyingi kupita kiasi ni dalili ya kosa shambani au kwenye turubai. Mpunga uliochelewa kuvunwa, uliokauka kwa jua kali haraka, au uliokauka ukanyeshewa ukakauka tena, punje zake hupata nyufa na kukatika kwenye mashine. Vuna wakati punje kama 80 hadi 85 kati ya 100 zimegeuka rangi ya majani makavu. Anika tabaka jembamba, geuza mara kwa mara, ukoboe unyevu ukiwa karibu asilimia 14. Vitumbua ni vya kuokoa chenga zilizopo. Visikufanye ufurahie kuzizalisha.

Vipimo vya kilo moja

- Chenga kilo 1
- Maji ya kusagia nusu lita, na vikombe 2 vya kupikia uji
- Chachu iliyolishwa na yenye mapovu, gramu 200
- Tui zito mililita 250
- Sukari gramu 200
- Iliki kijiko kidogo 1, chumvi nusu kijiko kidogo
- Mafuta ya kupikia

Loweka chenga saa 6 hadi 8, chuja, saga kwenye blenda na ile nusu lita hadi ziwe laini. Ukisugua kati ya vidole usisikie mchanga mwingi.

Chota upawa mmoja wa rojo, changanya na vikombe 2 vya maji, pika uji mzito, upoe hadi uvuguvugu, urudishe kwenye rojo palepale. Uji huu usilale. Kazi yake ni hii: mchele hauna ule mnato wa ngano unaoshikilia gesi, kwa hiyo uji unasaidia kuishikilia. Sisi mwanzoni tuliuruka, tukapata rojo lenye mapovu lakini vitumbua vizito.

Tia chachu, koroga, funika. Sukari na tui BADO. Hilo ndilo badiliko kubwa tulilofanya kwenye karatasi ya zamani. Tui likikaa usiku kucha kwenye joto linaharibika, na sukari nyingi mapema inaivuruga kasi ya chachu. Vyote viwili vinaingia mwishoni.

Kusoma chombo

Weka rojo kwenye chombo kinachoonyesha ndani, kisijae zaidi ya nusu. Funga mpira pale rojo lilipoanzia. Kisha angalia:

1. Limepanda karibu nusu ya kimo chake, juu kuna mapovu na katikati pametuna kidogo: liko tayari.
2. Limepanda kidogo, mapovu machache: subiri, au sogeza mahali penye joto zaidi.
3. Katikati pameanza kubonyea na ukingoni kuna alama ya lilikofika: limepitiliza kidogo, pika sasa hivi.
4. Limeshuka kabisa, harufu ya siki: limepitiliza sana, usiwauzie watu.

Kwa wale wa Kilombero, siku za joto tulipata kati ya saa 5 na 7. Usiku wa Juni lilifika saa 11. Hizo ni namba zetu. Zako utaziandika wewe, kwa jiko lako na chachu yako. Daftari liwe na safu nne tu: tarehe, saa ya kuchanganya, hali ya hewa, saa rojo lilipofika.

Kwa namba ya 3 unaweza kuokoa: robo kijiko kidogo cha soda ya kupikia kwa kilo, dakika chache kabla ya kupika. Soda inapunguza uchachu na kuongeza gesi. Ukizidisha, kitumbua kinaonja sabuni.

Kupika

Rojo likifika, tia tui, sukari, iliki na chumvi, koroga taratibu, acha dakika 30. Pasha chuma moto wa wastani, tia mafuta kijiko kidogo kwa kila shimo, yapate moto, jaza robo tatu. Juu yakitokea matundu na ukingo ukishika, geuza. Moto mkali unaunguza nje na ndani kunabaki kubichi. Kilo moja ilitupa vitumbua 50 hivi.

Mwenye mashine ya wafo: rojo hilohilo, ongeza mayai 2 na mafuta vijiko vikubwa 4, paka mashine mafuta, na usifungue mpaka mvuke upungue sana. Zinatoka kavu nje na laini ndani.

Hesabu, na ukweli wake

Vijana wengi wananiambia, "Chachu ni bure, kwa hiyo tunapata faida." Hapana. Hamira ya dukani ni bei ndogo, wala siyo inayokula mtaji wako. Mtaji unaliwa na mafuta, nazi, sukari na mkaa. Jumlisha hivyo vyote kwa bei ya sokoni kwako siku hiyo, ongeza chenga kwa bei ambayo ungeziuza, ongeza malipo ya aliyeamka alfajiri, kisha gawa kwa idadi ya vitumbua. Hapo ndipo utajua bei ya kuuzia.

Faida ya chachu ni ladha ambayo jirani hana, na kitumbua kinachokaa laini muda mrefu kidogo. Ukiletewa oda ya ghafla ya saa tatu zijazo, tumia hamira, hakuna dhambi. Na ukifikia kufungasha kwa ajili ya maduka, nenda TBS mapema ujue masharti, na ofisi ya SIDO ya mkoa wako ukaulize mafunzo ya usindikaji.

Kazi ya nyumbani

Usichukue oda yoyote kabla hujapika kilo moja moja mara tano mfululizo na zote zikatoka. Majira yakibadilika, rudia angalau mara mbili. Hilo nawaambia wakulima, na sasa najiambia mwenyewe kabla sijamwandikia mtu maelekezo.

Kile kikundi bado kinapika, siku nne kwa wiki, wanauza asubuhi stendi. Yule mwenye harusi hajarudi kwao, na sidhani kama atarudi. Nilipopita mara ya mwisho, karatasi yangu ilikuwa imebanduliwa. Binti ameandika ya kwake kwa mkono, na mstari wa kwanza unasema: "Angalia mpira kwanza, saa baadaye." Nikaomba niipige picha nikafundishie kwingine. Akaniambia, "Sawa bwana shamba, lakini na wewe ukajaribu kwanza."

Anzeni chachu zenu wiki hii. Maswali yenu nayapokea kama kawaida.