Kipimo au Mchomo? Utata wa Istilahi katika Bili ya Uchunguzi wa Mzio

Makala haya yanajadili utata wa neno kipimo katika bili ya uchunguzi wa mzio kwa njia ya ngozi. Neno mzio lenyewe halitatizi: awali lilimaanisha chakula alichokatazwa mtu, kisha maana ikapanuka. Tatizo limo katika hesabu.

Katika uchunguzi huu, mhudumu hudondosha vichochezi vya mzio, kama vile chavua, juu ya mkono au mgongo, huchoma ngozi kidogo penye kila tone, kisha husoma matokeo baada ya dakika 15 hadi 20. Mgonjwa huona kipimo kimoja. Mwandishi wa bili huona vingi: katika mfumo wa Marekani, msimbo 95004 huhesabiwa kwa kila mchomo, michomo 20 ni vizio 20 vya malipo.

Tumchukue mkulima wa Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, aliyepewa rufaa kwenda mjini. Nyumbani huzungumza Dholuo, karani humweleza kwa Kiswahili, na bili ni ya Kiingereza. Akitajiwa bei ya "kipimo", atajuaje kama ni ya zoezi zima au ya mchomo mmoja? Huenda akauza mbuzi, na fedha zisitoshe.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari kuhusu huduma. Hivyo, tunapendekeza kipimo kitaje zoezi zima, nao mchomo utaje kizio cha malipo. Wanaistilahi tusiwaachie makarani jukumu hili.