Yaseme Mapema: Mbinu za Kuuza Mtumba kwa Simu

Waulize wanaouza mitumba kwa Instagram na status za WhatsApp hapa Dar es Salaam kinachowakondesha. Wachache watakuambia wateja hawapo. Wateja wapo, tena wanaandika hadi usiku wa manane. Shida ni yale yanayotokea katikati: "dada niwekee", muamala usioonekana, bodaboda aliyezunguka Mbagala nzima akarudi na mfuko wake, gauni lililorudishwa kwa kuwa "kwenye picha lilikuwa la kijani". Ukizichunguza kero hizi, karibu zote zina chanzo kimoja: kuna jambo ambalo muuzaji aliona haya kulisema mwanzoni. Hakutaja bei, hakuonyesha doa, hakusema nauli ni ya nani. Mteja akajaza mwenyewe pale palipoachwa wazi, na kila mtu hujaza kwa upande unaompendeza.

Tuanze na hesabu, maana ndiko hela zinakovujia.

Tuseme umekwenda soko la Karume na sh. 120,000, ukachagua magauni 15 kwa sh. 8,000 kila moja. Wengi husema papo hapo: nikiuza 15,000 nina faida ya elfu saba kwa gauni. Subiri kwanza. Nauli ya kwenda na kurudi na mzigo, 6,000. Fundi wa zipu na vifungo, 9,000. Sabuni, umeme wa pasi na mifuko, 7,500. Bando, 7,500. Hiyo ni 30,000 nyingine, kwa hiyo mzigo umekugharimu 150,000. Ukifika nyumbani na kuyatazama magauni kwenye mwanga, mawili yana madoa yasiyotoka. Uza 13 yaliyobaki, yote, kwa 15,000 bila kupunguza hata senti: umepata 195,000. Ukitoa gharama, mkononi una 45,000. Sasa wapelekee wateja wote 13 bure kama ulivyotangaza, bodaboda akichukua wastani wa 3,000 kwa safari. Zimeondoka 39,000. Umebakiwa na sh. 6,000 kwa kazi ya wiki nzima, na hapo hakuna aliyekuomba umpunguzie, jambo ambalo katika mji huu halijawahi kutokea.

Kwa hiyo nauli itajwe kando, au iingizwe kwenye bei na gauni liuzwe 18,000. Njia zote mbili ni halali. Isiyo halali kwa mfuko wako ni kuitoa kwenye faida bila kuihesabu. Vivyo hivyo kwa punguzo: kama una nafasi ya kushuka elfu moja au mbili, andika "maongezi yapo"; kama huna, andika kuwa bei haipungui, na usimshushie anayelalamika sana. Wateja wa mtandaoni wanajuana kuliko unavyodhani. Wawili wakilinganisha bei chini ya picha moja, umepoteza wote.

Anayeanza asikimbilie belo. Belo la kawaida lina kilo 45 hivi, unalilipia kabla ya kuona kilichomo, na mabaya ya ndani ni yako pia. Nenda mezani, chagua moja moja, na umuulize mwenye meza siku anayofungua mzigo mpya ili ufike kabla wenzako hawajachambua. Kagua kwapa, kola, zipu na pindo la chini, kisha inua nguo juani: tundu dogo halionekani nguo ikiwa imekunjwa. Nguo za ndani za mitumba ziache hukohuko hata zikiwa za bei ya kutupa. TBS imezipiga marufuku, na picha yako mtandaoni ni ushahidi uliojiandalia mwenyewe.

Sasa picha. Piga karibu na dirisha asubuhi, bila kuwasha taa ya simu, na zima vichujio vyote, maana hivyo ndivyo vinavyogeuza bluu kuwa kijani. Piga mbele, nyuma, lebo, kisha kasoro. Ndiyo, kasoro. Weka sarafu ya sh. 200 pembeni ya doa au mshono ulioachia ili mtu aone ukubwa wake. Wauzaji wengi wanaogopa hatua hii wakidhani itafukuza wateja. Baadhi watakwenda kweli, lakini ni wale wale ambao wangelirudisha gauni kesho na kukuachia nauli mbili.

Lebo peke yake haitoshi kumweleza mtu saizi. Gauni la namba 12 la Uingereza ni namba 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na kwenye meza moja yamelala yote matatu. Nunua tepu ya fundi cherehani, pima kwapa hadi kwapa, kiuno, nyonga na urefu, uandike kwa inchi chini ya picha. Mwambie mteja apime gauni lake analolivaa sasa, alilolaza kitandani, kisha alinganishe. Maswali yatapungua kwa kiasi kikubwa, na ugomvi zaidi.

Na bei iandikwe hadharani. Kuna sababu za kuificha: washindani wasione, mteja aingie inbox mpate kuongea. Nimezisikia zote na hakuna inayonishawishi. Anayelazimika kuuliza bei anaondoka akidhani inapandishwa kufuatana na sura yake, na wewe unashinda ukijibu swali lilelile. Kwa maswali yanayojirudia kama ulipo, siku za kupeleka na namna ya kulipa, WhatsApp Business ina majibu ya haraka unayoyaandaa mara moja, pamoja na katalogi ya kuweka picha na bei. Ni bure.

"Niwekee" ni neno lenye gharama kuliko yote kwenye biashara hii. Mteja halisemi kwa hila. Siku hiyo anataka kweli. Ila mshahara ukichelewa au akiona jingine, anaona aibu kukuambia, na gauni limelala siku tano huku waliokuwa na hela mkononi wakinunua kwa mwingine. Weka sharti: bila malipo nguo inawekwa mpaka saa 2 usiku ya siku hiyohiyo, kwa kishika uchumba cha theluthi ya bei inakaa siku tatu. Andika na kitakachotokea kwa kishika uchumba asiporudi, kwa sababu ugomvi huanzia hapo. Aliye wa pili kwenye foleni mwambie kuwa ni wa pili. Muda ukifika, usimbembeleze wa kwanza. Mwandikie tu: "Dada, muda umepita, nimemwachia mwenzako. Likija jingine la aina hii nitakuambia."

Malipo yana hatari zake. Ujumbe wa muamala unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, au aliokutumia kama picha, si malipo. Hata uliokuja kwenye simu yako unaweza kuwa umetungwa na mtu na kutumwa kutoka namba ya kawaida. Ingia kwenye menyu yako mwenyewe, *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, utazame salio kabla mfuko haujatoka mlangoni. Mteja akiwa na haraka, haraka hiyo ni yake. Mtu akikupigia kwamba amekutumia hela kimakosa umrudishie, usitume chochote. Mwambie awasiliane na mtandao wake ili muamala urejeshwe kwa utaratibu. Namba za matapeli zipeleke 15040, na kwa *106# hakikisha hakuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usimwanike aliyekutapeli kwa kubandika namba na picha yake mtandaoni, hata hasira ikipanda: tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na unaweza kujikuta wewe ndiye unayelalamikiwa.

Kama unapokea hela kwa namba yako ya kawaida, sema mapema iwapo mteja anaongeza ya kutolea. Ukiweza, chukua lipa namba. Faida yake kubwa naiona kwenye daftari: hela ya biashara haichanganyiki na ya mboga.

Kupeleka mzigo ndiko kunakokula siku. Usimtume bodaboda kila oda inapoingia. Chagua siku mbili, tuseme Jumatano na Jumamosi, uzitangaze, ukusanye oda za upande mmoja: Tegeta na Bunju safari moja, Gongo la Mboto na Chanika nyingine. Andika nauli ya kila eneo na uibandike juu ya ukurasa. Kigamboni ihesabiwe peke yake, kwa kuwa kuna kivuko au tozo ya daraja. Tafuta dereva mmoja au wawili unaowajua kituo chao, na nauli ilipwe kabla hajawasha pikipiki. Mteja aliyelipa nauli anapokea simu. Asiyelipa, simu yake huzimika ghafla bodaboda akiwa getini.

Kwa mikoani, malipo yote yatangulie. Mzigo ufungwe kwenye mfuko mgumu, jina, namba ya simu na mkoa viandikwe kwa kalamu nene pande mbili. Ukiukabidhi kwa basi pale Kituo cha Magufuli, Mbezi, chukua risiti, ipige picha, umtumie mteja pamoja na jina la kampuni, namba ya basi na saa ya kuondoka. Mkubaliane pia kabla ya safari ni nani anayebeba hasara mzigo ukipotea. Mimi ningesema muuzaji abebe hadi risiti itakapotolewa, kisha wote wawili waidai kampuni ya basi kwa risiti hiyo. Wengine wana mpangilio tofauti, na si vibaya, mradi umeandikwa.

Kuhusu kurudisha, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" ni maneno ya kujikinga yasiyokinga kitu pale ulipomdanganya mtu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, iwe dukani au kwenye simu. Kosa likiwa lako, yaani doa hukulionyesha au vipimo ulikosea, rudisha hela na ubebe nauli zote mbili. Akiwa amebadili tu mawazo, mpe saa 24 kubadilisha na nguo nyingine, haijavaliwa wala kufuliwa, nauli juu yake.

Ndugu na marafiki nao ni wateja. Shangazi akichukua sketi mbili "nitakupa mwisho wa mwezi", iandike kwenye daftari mbele yake, kwa heshima, na umtumie ujumbe wa kumshukuru wenye kiasi ndani. Akikasirika, umejua mapema.

Ukurasa wenyewe ulinde. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye Instagram na WhatsApp, na tarakimu zinazokuja kwa ujumbe mfupi usimpe mtu, hata akijitambulisha kama mteja wako wa zamani. Namba za wateja zinakili pia kwenye karatasi. Kuhusu TRA: kusajili TIN hakulipiwi, na ushuru uliolipwa bandarini na aliyeingiza belo haukuondolei wewe kodi ya mapato yako. Nenda na daftari la mauzo, maana asiye na kumbukumbu hukadiriwa.

Mwisho, nguo zilizolala. Kila mwezi toa zile ambazo hazijauliziwa na mtu. Zipige picha upya mara moja, zishushe bei, au zifunge tatu kwa 20,000. Zikikataa tena, zipeleke kwenye gulio uziuze kwa chochote kitakachopatikana. Hela iliyokwama kwenye blauzi nane za mwaka jana ndiyo unayoikopa kwa riba leo ili urudi Karume. Kabla hujapanda daladala kwenda kuchukua mzigo mpya, kaa chini uhesabu ule ulio chini ya kitanda.