Jiwe Linaloshika Hewa, na Jiko la Makaa



Kila baridi ya Juni na Julai swali linarudi katika jumuiya zetu za Kangemi na Kibagare: hakuna kitu mtu anaweza kuweka nyumbani kivute ile hewa ya jiko, ili alale dirisha likiwa limefungwa? Wengine wamesikia habari za zeoliti, jiwe linalonasa kaboni dayoksaidi. Jiwe lenyewe liko, si porojo. Tulisome kwanza, halafu tupige hesabu.

Zeoliti ni madini ya aluminiamu, silikoni na oksijeni, yaliyojaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Jina lilitolewa na Axel Cronstedt wa Uswidi mwaka wa 1756. Kwa Kigiriki ni kama kusema "jiwe linalochemka", maana alipolipasha moto lilitoa mvuke. Hapa Kenya liko katika matabaka ya kale ya Ziwa Magadi, ambako majivu ya volkeno yalikutana na maji ya magadi. Lakini jamani, mtu asiende kuchimba na kusaga! Aina moja ya huko, erionaiti, ina nyuzinyuzi, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani. Vijiji kadhaa vya Kapadokia, Uturuki, vimezika watu wengi kwa sababu hiyo. Viwanda hutumia zaidi zeoliti ya kutengenezwa.

Sasa, linashikaje? Hewa haiingii katika mwili wa jiwe lenyewe, inashikamana tu na kuta za vitundu. Fikiria matatu. Katika aina inayoitwa 13X, mlango una upana wa nanomita 0.7 hivi (nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni). Kaboni dayoksaidi ina 0.33 na naitrojeni 0.36, kwa hiyo zote zinapanda. Tofauti iko ndani, kwa viti. Humo mna sodiamu yenye chaji ya umeme. Molekuli ya kaboni dayoksaidi ina upande hasi katika ncha zake mbili na chanya katikati, basi ncha huvutwa na sodiamu na abiria anakaa. Naitrojeni huvutwa kidogo, oksijeni kidogo zaidi. Mashine za oksijeni hospitalini hutumia ujanja huohuo: zeoliti inabaki na naitrojeni, oksijeni inapita kwenda kwa mgonjwa.

Abiria hao hawajafungwa. Ukipasha jiwe moto au ukipunguza kanieneo, wanashuka, na gari liko tayari tena. Katika kituo cha kimataifa cha angani zeoliti husafisha pumzi za wanaanga namna hiyo. Ila hewa hukaushwa kwanza, kwa sababu jiwe hupenda maji kuliko kitu kingine. Maji yakipanda, kaboni dayoksaidi inakosa kiti.

Haya, tuje nyumbani. Kilo 1 ya makaa ikiungua vizuri hutoa karibu kilo 3 za kaboni dayoksaidi. Kilo 1 ya 13X, ikiwa kavu kabisa na hewa hiyo ikiwa safi bila mchanganyiko, hushika gramu 200 hivi. Yaani kilo 15 za jiwe kwa kilo 1 ya makaa! Na chumba chetu kina mvuke wa sufuria, nguo zilizoanikwa na pumzi za watoto. Hapo jiwe litashika kidogo sana.

Tena anayeua usiku hasa ni mwingine, kaboni monoksaidi. Huyo hana harufu, na zeoliti ya kawaida humshika kwa shida. Makaa mekundu yasiyotoa moshi bado yanamtoa. Kichwa kikiuma, ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu, toeni watu wote nje kwanza, jiko baadaye. Hakuna unga wala jiwe la kuuziwa linaloweza kufanya kazi ya dirisha.

Ya kujadili jumuiyani: Ni nyumba ngapi katika ploti yenu zisizo na tundu la hewa juu ya mlango? Nani ataongea na mwenye nyumba, na lini? Mama mwenye mtoto mchanga na blanketi moja tumsaidieje ili jiko lilale nje?