Ndizi Iliyokatwa Ndani ya Ganda Lake: Maswali na Majibu Kuhusu Mazingaombwe ya Bethidei

Siku hizi hata huku Mbuba, wilayani Ngara, mtoto akitimiza mwaka watu huitana. Keki ikipatikana, vizuri. Isipopatikana, mkate na soda vinatosha, wimbo unaimbwa na mwenye siku yake anamwagiwa maji. Tatizo ni ile saa kabla chakula hakijaiva, watoto ishirini wakiwa uani hawana la kufanya. Hapo ndipo wazazi, walimu na kaka wakubwa wanaponiuliza habari za mazingaombwe. Nimejibu hapa maswali yanayojirudia zaidi. Hakuna hata jambo moja linalohitaji umeme wala kifaa cha kuagiza kutoka Mwanza.

Sina hela ya vifaa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ndizi, maana Ngara hatuna shida nazo. Tafuta ndizi mbivu ya kula ambayo ganda lake limeshaanza madoa meusi. Madoa hayo ndiyo yatakayokuficha. Chukua sindano ndefu ya kushonea, ioshe, kisha ichome kwenye ukingo mmoja wa ganda. Isukume mpaka ikaribie ganda la upande wa pili bila kulitoboa. Sasa iyumbishe kulia na kushoto, taratibu. Utasikia nyama ya ndani ikikatika huku ganda likibaki zima. Chomoa, shuka kama sentimita tatu, rudia. Ukichoma sehemu tatu unapata vipande vinne. Tundu la sindano baada ya muda hugeuka kidoa cha kahawia, na hakuna atakayelitofautisha na madoa mengine.

Fanya kazi hiyo asubuhi ya sherehe, siyo usiku wa kuamkia, kwa sababu ndizi huanza kulainika pale ilipokatwa. Iweke kwenye sahani pamoja na nyingine ambazo hukuzigusa, na uikumbuke ilipo. Wakati ukifika, mwambie mwenye siku yake akate hewani kwa ukingo wa kiganja, mara tatu, akiwa mbali na ndizi. Kisha mpe aimenye mwenyewe. Hapo usifanye makosa: ukimenya wewe, watasema umeikata kwa kucha. Akimenya yeye, vipande vikaanza kudondokea mkononi mwake, hana wa kumshuku. Mwenzake akibisha, mpe ndizi nyingine kutoka sahani ile ile. Ataimenya na kuikuta nzima.

Na sindano irudi kwenye kibweta chake kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Sarafu inapoteaje mkononi?

Haipotei. Inabaki kwenye mkono ambao watu wameacha kuutazama.

Tumia sarafu ya shilingi 200 au 500, inayoonekana hata na waliokaa nyuma. Ishike kwa mkono wa kushoto, kwa ncha za gumba na vidole viwili, kiganja kikitazama juu. Mkono wa kulia unakuja kuichukua: gumba linapita chini ya sarafu, vidole vinaifunika kwa mbele. Wakati huo huo, sarafu ikiwa imefunikwa, legeza gumba la kushoto ili iangukie kwenye vidole vya mkono huo huo wa kushoto. Mkono wa kulia unafumba ngumi tupu na kuondoka nayo.

Kazi iliyobaki ni ya macho. Watoto hutazama unakotazama wewe. Ukiikazia macho ngumi ya kulia, nao wataikazia, na mkono wa kushoto utashuka zake chini bila kuulizwa. Ukiuchungulia ule wa kushoto hata mara moja tu, umekwisha.

Mazoezi yake ni haya: simama mbele ya kioo, ichukue sarafu kwelikweli mara nyingi, uone mkono wako unavyokwenda usipokuwa na la kuficha. Halafu ndipo uigize mwendo ule ule. Wengi huanza moja kwa moja na kuigiza, ndiyo maana mkono wao hukakamaa na watoto huwagundua.

Mcheza pata potea wa stendi naye anaishi kwa ufundi huu huu wa kuyapeleka macho ya watu pembeni. Yeye anakula nauli ya msafiri. Mtoto aliyefundishwa mapema jinsi macho yanavyodanganywa hataiacha hela yake pale, na kwangu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kumfundisha.

Kwa kuwa mwenye bethidei humwagiwa maji, hakuna mazingaombwe ya maji?

Yapo, na ndiyo niyapendayo kuliko yote. Jaza glasi ya plastiki maji mpaka juu kabisa. Ifunike kwa kipande cha jalada gumu la daftari kilicho kikubwa kuliko mdomo wa glasi. Bana kwa kiganja, ipindue juu ya kichwa cha mwenye siku yake, kisha ondoa kiganja polepole. Jalada linang'ang'ania, maji yananing'inia, watoto wanapiga kelele.

Kinachoyashika ni hewa. Inasukuma kutoka kila upande, hata kutoka chini kwenda juu, na kwenye usawa wa bahari nguvu yake inaweza kubeba nguzo ya maji yenye urefu wa karibu mita 10. Sisi tuko kwenye nyanda za juu, hewa yetu ni nyepesi kidogo, lakini glasi ina sentimita chache tu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Adui wako ni jalada kulowa: likilainika hujikunja, hewa inapenya, maji yote chini. Badilisha jalada kila unaporudia, na ujaribu kwanza juu ya beseni.

Vijana wa sekondari na wazee je? Hao hawashangazwi na ndizi.

Wape hesabu. Mwombe mtu achukue kikokotoo cha simu, aandike umri wake bila kukuonyesha, azidishe kwa 7, kisha jibu azidishe kwa 1443. Mwenye miaka 12 ataona 121212. Bibi wa miaka 68 ataona 686868. Siri ni kwamba 7 mara 1443 ni 10101, na namba yoyote ya tarakimu mbili ukiizidisha kwa hiyo hujirudia mara tatu. Mtoto wa miaka 8 atapata 80808, nayo inapendeza. Nimeona wazee waliokataa kucheza wakigombea simu ili nao waone umri wao.

Mama mkwe anasema hayo ni mambo ya uchawi, hayataki nyumbani kwake.

Usimcheke. Amekulia mahali ambapo neno hilo limevunja nyumba na kutoa roho za watu, na Kanda ya Ziwa yote inalijua hilo. Mwaka 2015 serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli, wakati nchi ikilia kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ingali inatumika, na kwa mujibu wake hata kujinadi tu kwamba una nguvu za uchawi ni kosa. Kwa hiyo hofu ya mama ina msingi.

Mheshimu kwa kumwonyesha. Mwite jikoni kabla ya sherehe: "Mama, njoo unisaidie." Mpe sindano na ndizi, achome mwenyewe, amenye mwenyewe. Akishaijua siri atakaa mstari wa mbele akingoja kuona nyuso za wajukuu.

Mbele ya watoto usitaje dawa. Usivae kaniki, usishike kibuyu wala hirizi, usiite majina ya marehemu. Sema wazi tangu mwanzo kwamba ni mchezo wa mikono na akili. Na ukimaliza, wafundishe jambo moja kati ya uliyofanya, wakawafundishe na wenzao.

Najua wapo wanamazingaombwe wanaoshikilia kwamba siri haitolewi kamwe. Kwa mji ambao hakuna anayeuawa kwa kudhaniwa mchawi, sawa. Hata Uingereza hawakufika hapo bila watu kufunguliwa macho. Mwaka 1584 Reginald Scot, mtu wa Kent, alichapa kitabu akieleza jinsi mafundi wa viini macho wanavyoficha sarafu, vipira na karata, kwa sababu wanawake maskini walikuwa wakinyongwa kwa mashtaka ya uchawi naye aliona wanaonewa. Upande wa pili yuko mwanamazingaombwe Robert-Houdin, ambaye Wafaransa walimpeleka Algeria mwaka 1856 awatishe wenyeji. Alikuwa na kisanduku ambacho mtoto angeweza kukibeba, lakini mtu mwenye nguvu akiitwa kukinyanyua, sumaku ya umeme iliyofichwa chini ilikishikilia asiweze. Waliofichwa siri ile waliambiwa ni nguvu za Mfaransa. Ufundi ni mmoja. Mmoja aliueleza ili kuokoa watu, mwingine aliuficha ili watawaliwe. Mimi nimechagua upande wa Scot.

Mwanangu ameona mtu shuleni akitafuna wembe. Anataka kufanya hivyo.

Hapana. Wembe, moto, chupa iliyovunjwa na kitu chochote cha kuingiza mdomoni au puani havina nafasi kwenye sherehe ya watoto, hata ukijua siri yake. Mtoto huiga alichokiona. Siri asiyoijua haimlindi. Sarafu nazo zihesabiwe kabla na baada, hasa pakiwa na wadogo wa chini ya miaka mitatu.

Nikigunduliwa katikati?

Mpongeze aliyekugundua, mwite mbele awe msaidizi wako, endeleeni. Mtoto mjanja akiwa upande wako hakuharibii tena.

Nifanye mangapi, kwa muda gani?

Matatu, ndani ya robo saa. Anza na sarafu, fuata na ndizi, malizia na maji kwa kuwa baada yake sakafu huwa imelowa. Usirudie jambo kwa watazamaji wale wale hata wakikusihi, kwa sababu mara ya pili hutazama mikono. Ndizi na maji utayaweza kwa jioni moja. Sarafu inataka siku kadhaa za kioo, kwa hiyo kama sherehe ni Jumamosi, anza leo.