Kiwanja kipo pembezoni, kazi iko wapi?

Mtu anayetafuta kiwanja nje kidogo ya mji wetu wa Iringa, iwe Mkimbizi, Kitwiru, Isakalilo au Nduli, huuliza kwanza habari ya maji, kisha umeme, kisha barabara. Ni maswali ya maana. Lakini lipo moja ambalo nimewasikia wachache sana wakiliuliza: wakazi wa hapo watafanyia kazi wapi? Naomba tulitazame swali hilo, kwani linagusa mfuko wa kila nyumba.

Tuanze na historia, maana mji huu haukuwekwa hapa ulipo kwa kuwafikiria wafanyakazi. Ngome ya Mtwa Mkwawa ilikuwa Kalenga, na Wajerumani waliiteka Oktoba 1894. Mwaka 1896 wakaanza mji wao hapa juu kilimani, wakati Mkwawa bado anapigana nao porini. Mji ukawa wa boma na askari. Ofisi zikafuata boma, maduka yakafuata ofisi, kisha soko, benki na stendi vikafuata maduka. Ukitaka kujua ajira za Iringa ziko wapi hadi leo, simama asubuhi Kihesa au Ipogolo utazame daladala na bajaji zilizojaa zinaelekea upande gani.

Watu nao wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi zaidi ya 151,000 katika Manispaa, na ile ya 2022 ikavuka laki mbili. Kilima hakikuongezeka. Anayekuja sasa anakwenda kwenye kiwanja cha bei nafuu, yaani mbali, na kazi inabaki palepale juu.

Umbali huo una bei. Tuchukue mfano wa kijana anayeuza duka la mtu Miyomboni kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Tuseme nauli yake ni shilingi 600 kwenda na 600 kurudi, siku 26. Hizo ni shilingi 31,200, zaidi ya sehemu moja ya tano ya mshahara, na bado hajanywa chai. Akiamua kutembea, analipa kwa saa zake na kwa soli za viatu. (Mimi mwenyewe hupanda kilima kwa miguu siku nyingi, lakini mshahara wa mwalimu una hoja zake.) Aidha kwa mama mwenye mtoto mchanga hesabu hiyo mara nyingi haikubali kabisa, hivyo anabaki nyumbani, na watu wanasema hataki kazi.

Wapo watakaosema: basi ajira zishushwe kutoka kilimani. Ni kweli, na limekwishafanyika kwa sehemu. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani, iliyokuwa katikati ya mji, imehamishiwa Igumbilo, kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Sina ugomvi na uamuzi huo, kwani basi la kutoka Dar kwenda Mbeya halina haja ya kupanda mlima na kubanana na watu wa sokoni. Lakini tuangalie nani aliyekuwa akila pale stendi ya zamani: mama lishe, mpagazi, muuza maji, fundi viatu, mwenye nyumba ya wageni. Basi lilihama kwa siku moja. Mama lishe mwenye chumba cha kupanga Mlandege hawezi kuhama hivyo, naye akishuka Igumbilo kila alfajiri na masufuria yake, faida inaishia kwenye nauli.

Jambo hili wasomi wamelichunguza kwingine. Mwaka 1968 mchumi wa Marekani, John Kain, alichapisha utafiti kuhusu miji ya Chicago na Detroit. Huko mambo yalikuwa kinyume na kwetu: viwanda vilikuwa vikihamia pembezoni, na watu weusi wamebanwa katikati kwa ubaguzi wa nyumba, hawaruhusiwi kuzifuata ajira. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anaweza kukosa kazi si kwa uvivu wala ujinga, bali kwa sababu anakoruhusiwa kuishi ni mbali na inakopatikana kazi. Kwetu hakuna sheria ya rangi inayotuzuia. Kinachotuzuia ni bei ya ardhi, nayo ni mlinzi mkali wa mlango.

Mtu ataniuliza, mbona vyuo vimepeleka riziki pembezoni? Vimepeleka, alhamdulillah. Tangu Mkwawa ilipofanywa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu mwaka 2005, pembeni yake pamekuwa na vyumba vya kupangisha, vibanda vya chipsi na bodaboda. Ila ajira hizo zinapumua kwa pumzi ya wanafunzi. Vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona kuanzia Machi 2020 hadi mwishoni mwa Mei, mwenye kibanda alimuuzia nani?

Jirani zetu wa Mbeya wana nafuu kidogo. Kwao biashara ilikwishateremka zamani hadi Mwanjelwa, kando ya barabara kuu, mbali na mji wa wakoloni. Soko la Mwanjelwa lilipoungua Desemba 2006 msiba ulikuwa mkubwa, lakini wateja waliendelea kuwepo eneo lilelile, kwa sababu watu wanaishi hapo na wanapita hapo.

Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina hakuishia kujenga msikiti. Aliwatengea Waislamu eneo la soko, la wazi na lisilotozwa ushuru. Makazi yalikwenda pamoja na mahali pa kuchumia.

Kwa hiyo mtaa wenu ukiitwa kwenye kikao cha upimaji wa viwanja, nendeni, na mwombeni mpimaji awaonyeshe kwenye ramani eneo la soko, la karakana za seremala na mafundi wa kuchomelea, na la kituo cha daladala. Kama hayapo, yaombwe kabla viwanja havijagawiwa, maana nyumba zikishajengwa itabidi kubomoa na kulipa fidia. Nazo kamati za misikiti inayojengwa huko Nduli na Kitwiru zifikirie fremu za maduka upande wa barabarani, kodi yake iwe nafuu, na wapewe kwanza wakazi wa mtaa huohuo.