Joka na Wachawi: Mafunzo Niliyopata Mezani Sugoi

Mahindi yakishaingia ghalani, jioni za Sugoi, kijijini kwetu Kenya, huwa ndefu. Sisi huzimalizia kwa Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia na kurusha dadu ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974. Vitabu vyake ni ghali, ila kanuni za msingi za toleo la tano ni bure kwa yeyote, kwa hiyo simu moja na dadu zinatosha. Mimi ndiye mwendesha mchezo. Wachezaji wangu karibu wote hutaka kuwa wachawi, na wachawi ndio humaliza joka upesi. Haya ndiyo niliyojifunza ili joka lidumu.

1. Joka lisitue. Joka jekundu lililokomaa huruka futi 80 kwa zamu moja, yaani kama mita 24 kwa sekunde sita, na moto wake hufika futi 60. Liteme, lipae, lijifiche nyuma ya mwamba. Mchezaji akisema anashikilia uchawi wake hadi joka lishuke, mkumbushe kwamba kushikilia nako kunakula umakini: uchawi mwingine aliokuwa ameudumisha unakatika papo hapo.

2. Kinga zionekane. Joka hili lina haki ya kukataa uchawi mara tatu kwa siku, hata kama dadu imelisaliti. Wachezaji huchukia jambo hili kupita yote. Mtu amengoja zamu yake, amelipooza joka, halafu unamwambia halikupooza. Mimi huweka punje tatu za maharagwe katikati ya meza, na kila joka linapokataa naondoa moja, wote wakiona. Tangu hapo kelele zimegeuka hesabu. Mchawi wa kwanza anatupa uchawi wa kawaida kulichokoza joka, wa pili naye, na yule mwenye uchawi mkubwa anakaa kimya akikodolea macho maharagwe. Nami hujiuliza kila mara: huu niukubali, niiweke punje? Tufe la moto halinisumbui hata kidogo, kwa sababu joka jekundu haliungui.

3. Pumzi si uchawi. Haibatilishwi kwa uchawi wa kubatilisha uchawi, na hapo ndipo wachawi wageni huduwaa. Moto wenyewe ni dadu 18 za pande sita, wastani pointi 63. Aliyeungua kiasi hicho anahitaji 31 ili umakini wake usivunjike, na dadu ya pande 20 haikufikishi huko. Aliyefaulu kukwepa huumia nusu, naye anahitaji 15 tu. Kwa hiyo usiwafuate wapiga upanga. Mtafute anayedumisha uchawi.

4. Joka liwe na mwili mrefu. Hili nimelitoa kwa majirani zetu Wanandi. Wazee husimulia kwamba Kimnyole, orkoiyot (kiongozi wao wa kiroho) aliyeuawa mwaka 1890, alitabiri nyoka wa chuma, atemaye moto na moshi, atakayetoka ziwa la mashariki kwenda kunywa maji ziwa la magharibi. Reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Wanandi hawakukimbilia kichwa cha nyoka huyo: waling'oa bolti na kukata nyaya za telegrafu. Mezani nami nikalipa joka sehemu za kushambuliwa mbali na kichwa: njia ya maji, mayai, na watumishi wanaoliletea ng'ombe. Wachawi dhaifu, ambao moto mmoja ungewamaliza, wakapata kazi ya kufanya usiku kucha bila kuliona joka lenyewe.

5. Joka lizungumze. Joka kongwe lina akili kuliko wengi waliokaa mezani, na mchawi anayejibu maswali hatupi uchawi. Hapa pia historia ya huku ni chungu. Koitalel arap Samoei, mwana wa Kimnyole, aliongoza vita dhidi ya Waingereza kwa takriban mwongo mzima, na hawakumweza porini. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na afisa wao, Richard Meinertzhagen, akampiga risasi hapo hapo. Vijana wangu wanaijua habari hiyo tangu utotoni. Joka langu likiomba mapatano, wao huwatuma wenzao wawili wakazungumze, na waliobaki husimama mbali, zaidi ya futi 60, kila mmoja mahali pake.